Usiku Mmoja Dar, Kati ya Masasi na Nzega

Ufunguo ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira kwenye kipande cha mbao kikubwa kuliko kiganja changu, namba 7 imechorwa kwa msumari wa moto. Mhudumu aliuweka juu ya kaunta, akanigeuzia daftari la wageni. Jina. Kabila. Kazi. Unatoka. Unakwenda. Sahihi. Nikajaza: Mmakua, mwalimu, Masasi, Nzega. Alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia ya mkono, akaipitia mistari yangu kwa kidole.

"Mwalimu, gari la Nzega linaondokea wapi asubuhi?"

"Ubungo, baba. Saa kumi na mbili."

"Na umekuja kulala Temeke."

Hakunicheka. Alisema kama mtu anayemwonea mwanawe huruma, akanionesha chumba. Ilikuwa Januari 2008, nina miaka 24, ndiyo kwanza nimepangiwa kazi Nzega. Chumba kilikuwa shilingi 5,000, na nilikiona cha bei nafuu kabisa. Saa tisa na nusu usiku, nikiwa na begi, ndoo ya korosho na godoro lililokunjwa, hapakuwa na daladala hata moja barabarani. Nikapanda teksi hadi Ubungo kwa shilingi 15,000. Chumba changu cha 5,000 kilikuwa kimenigharimu 20,000, na mshahara wa kwanza ulikuwa bado haujaingia.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye Dar kwake si mji wa kwenda bali ni mji wa kupita. Tuko wengi. Unatoka kusini unaenda kanda ya ziwa, unatoka Kigoma unaenda Zanzibar, unatoka Mbeya una mgonjwa wa kumwona Muhimbili asubuhi moja tu halafu urudi. Unahitaji kitanda cha saa sita au saba. Huna haja ya bahari wala chai ya asubuhi yenye mayai mawili na soseji. Na huna hela ya kuchezea.

Kwanza nieleze kwa nini usiku ule ulikuwa haukwepeki. Siku hizo mabasi ya mikoani yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku wa manane, kwa hiyo magari yote ya safari ndefu, ya Mwanza, Bukoba, Kigoma, yaliondoka Ubungo kwa mkupuo mmoja saa kumi na mbili asubuhi ili yafike mbali iwezekanavyo kabla ya muda wa kuegesha. Ukilikosa la saa kumi na mbili, umeikosa siku nzima. Kwa upande wangu wa kusini, basi liliondoka Masasi alfajiri, likapita Ndanda, Mingoyo, Nangurukuru, na likifika Somanga ndipo safari yenyewe ilipoanza. Kipande cha Somanga hadi Ndundu, kilomita 60, kilikuwa bado hakina lami. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa limeshafunguliwa tangu 2003, lakini ili ulifikie daraja ilibidi kwanza uvuke ule udongo. Kiangazi tulikula vumbi. Masika tulishuka, wanaume wakasukuma, akina mama tukatembea pembeni na watoto mgongoni. Ungeweza kuingia Dar saa kumi na mbili jioni, ungeweza kuingia saa tano usiku. Mtu anayeingia mjini saa tano usiku hachagui chumba. Chumba ndicho kinachomchagua.

Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza nilifanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya. Nilikwenda kwa ndugu.

Mama yangu mdogo alikuwa anakaa Chanika, ng'ambo ya Gongo la Mboto, na hili nalisema kwa heshima yote kwa sababu yule mama alinipenda. Nilifika kwake saa nne usiku. Wali na samaki wa nazi vilikuwa vimefunikwa mezani, hakuna aliyekula wakinisubiri mimi. Wadogo zangu wawili walihamishwa kitandani wakalazwa mkekani. Tukala, tukazungumza habari za nyumbani: nani kafa, nani kaolewa, mikorosho ya babu imezaa vipi. Hadi tunazima taa ni saa saba. Saa tisa nikaamka, naye akaamka. Akanichemshia maji. Akajitupia kanga mabegani, akashika tochi, akanisindikiza mpaka barabara kubwa, mwendo wa kama dakika ishirini kwenye njia yenye mbwa na vichaka, akasimama nami mpaka usafiri ukapatikana. Gari lilipoondoka niligeuka nikaiona ile tochi inarudi peke yake gizani.

Sikupata usingizi njia nzima hadi Dodoma nikiiwaza ile tochi. Yeye alikuwa na kisukari, na siku ile alikuwa na biashara yake ya vitumbua ya kufungua saa kumi na moja. Nilikuwa nimeokoa shilingi 5,000 za gesti na kumnyang'anya mama mtu mzima usiku wake. Na kwa hesabu ya fedha peke yake sikuwa nimeokoa chochote, maana huendi kwa mama mdogo mikono mitupu: sukari kilo mbili, sabuni, na kitu kidogo cha kuwaachia watoto.

Safari iliyofuata nikamwambia kwa simu kwamba nitalala gesti Ubungo. Alinyamaza kitambo. "Mwanangu, una mama Dar halafu unalala gesti? Gesti ni za watu wasio na kwao." Ilinichukua muda kulipata jibu la kumwambia, na nililipata tu nilipoacha kujitetea. Nilimwambia: "Mama, nikija na siku tatu, nakuja kwako, hunitoi. Nikija na usiku mmoja, niache nilale barabarani, nikupigie simu asubuhi nikiwa nimekaa kwenye gari." Akakubali. Kila Desemba nilikaa kwake siku tatu kamili, na nadhani tulipendana zaidi kuliko kama ningeendelea kumwamsha saa tisa. Wapo watu wanaogopa kulisema hili kwa ndugu zao. Liseme mapema, kwa upole, na liseme mwenyewe. Usiache lisikike kwa watu kwamba ulionekana Ubungo.

Usiku wangu wa kwanza Ubungo ulikuwa mbaya. Nilishuka na mizigo, kijana mmoja wa stendi akanidaka kabla sijaweka mguu chini. "Sista, gesti nzuri, karibu tu, safi." Akabeba begi langu mwenyewe, na mtu akishabeba begi lako umeshakuwa mateka wake. Tulitembea hadi Manzese. Bei niliyoambiwa ilikuwa 12,000. Asubuhi, kwenye foleni ya bafu, mama wa chumba cha jirani aliniambia kalipa 10,000. Zile elfu mbili zilikuwa za kijana. Simlaumu sana, ndiyo ajira yake, lakini tangu siku ile naelewa kwamba anayekupeleka gesti hakupeleki palipo pazuri, anakupeleka panapomlipa.

Bei ilikuwa jambo dogo. Nyumba ile ilikuwa na baa mbele, na nyuma vyumba vilikodishwa kwa saa. Wenyewe wanasema "kupumzika". Ukiuliza bei wanakuuliza, unalala au unapumzika? Mimi sikujua maana yake, nikajibu nataka kupumzika maana nimechoka, na dada wa mapokezi akanitazama vibaya, akachungulia nyuma yangu kumtafuta mwenzangu. Usiku milango ilifunguka na kufungwa. Mara mbili nilisikia mkono ukijaribu kitasa changu, labda mtu kakosea chumba tu, lakini komeo la ndani lilikuwa limeng'oka skrubu moja na lilicheza kila mlango ulipoguswa. Nikasogeza meza mlangoni, nikaketi kitandani nimevaa nguo zangu za safari hadi saa kumi. Ukutani, juu ya swichi, palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba mali isiyokabidhiwa mapokezi ikipotea uongozi hautahusika. Niliisoma karatasi ile mara nyingi.

Baada ya usiku ule nilijiwekea utaratibu, na sijauacha mpaka leo. Silipi kabla ya kuona chumba. Nikiingia, kitu cha kwanza ni mlango: naufunga kwa ndani, nausukuma kwa bega. Komeo likicheza, natoka, hata kiwe kizuri namna gani. Halafu nafungua bomba. Halafu nanyanyua shuka ya juu nione ya chini. Neti naitandaza kitandani papo hapo, maana ikishafika usiku hutaona tundu, utasikia mbu tu. Nawasha feni na kuiacha izunguke huku naendelea kuzungumza na mhudumu, kwa sababu zipo feni zinazowaka vizuri dakika moja halafu zinaanza kugonga. Na nauliza maswali matatu tu: hapa kuna baa? nani anakaa mapokezi usiku? asubuhi natakiwa kutoka saa ngapi? La tatu halinihusu mimi ninayeondoka kabla ya alfajiri, lakini nauliza makusudi. Mhudumu akijibu haraka "saa nne", najua pale wanalala wasafiri. Akisita, najua pale hawalali.

Nabeba shuka yangu, kandambili zangu, sabuni na tochi. Kandambili za gesti zipo chini ya kitanda kila mahali, mara nyingi mguu mmoja mwekundu na mwingine bluu, lakini zimevaliwa na watu wengi mno.

Mwaka 2010 ndipo nilipoipata nyumba ya bibi.

Ilikuwa upande wa Shekilango, mtaa wa pili kutoka barabarani, na aliyenielekeza hakuwa mpiga debe bali mama lishe niliyenunua chai kwake asubuhi moja. Nilimuuliza hivi: "Mama, binti yako akiwa anasafiri kesho, ungemlaza wapi?" Hakufikiri mara mbili. Swali hilo ukimuuliza mwanamke anayefanya kazi karibu na stendi, anakujibu kwa moyo, kwa sababu hapati kitu kwa kukudanganya na anakujua utapita tena.

Nyumba ilikuwa ya kawaida tu, vyumba tisa vinavyotazamana, ua katikati, mwembe mmoja, choo na bafu vya pamoja mwisho wa ua. Chumba changu kilitosha kitanda, kiti na mimi. Maji ya kuoga yalikuwa ya ndoo na kata. Lakini bibi mwenye nyumba alikuwa ameelewa kitu ambacho hoteli nyingi kubwa hazijakielewa: mgeni wake hakulipia kulala, alilipia kuamka. Karibu na mapokezi palikuwa na ubao mweusi mdogo. Ukishajaza daftari, alichukua chaki akaandika namba ya chumba chako na mahali unakokwenda. 3 Bukoba. 5 Singida. 8 Nzega. Mlango wa ua ulifungwa saa sita usiku. Saa kumi kamili mlinzi alianza kupita na rungu lake, anagonga taratibu na kutuita kwa miji yetu.

"Bukoba! Bukoba, saa kumi. Singida! Nzega, amka, Nzega."

Hakuondoka mlangoni mpaka uitike. Ukitoka bafuni unakuta birika la chai ya rangi yenye tangawizi kwenye meza chini ya mwembe, bure, na watu wasiojuana wanakunywa wamesimama, mizigo imepangwa ukutani. Saa kumi na nusu yule mlinzi alitusindikiza kwa pamoja hadi stendi, kundi zima, dakika saba kwa miguu, wanaume wakiwasaidia wanawake ndoo na watoto. Msikiti wa jirani ulikuwa unaadhini tukiwa njiani.

Nililala pale kwa karibu miaka kumi na moja, mara nne kwa mwaka, usiku mmoja mmoja. Bei ilipanda kutoka 7,000 hadi 15,000 na sikuwahi kuomba punguzo. Sijui kama nimewahi kulala usingizi mzito mahali pengine kuliko pale, na sababu naijua: sikuwa na hofu ya kupitiwa. Mtu anayeogopa kuachwa na gari anaamka kila nusu saa kutazama simu. Bibi alituondolea kazi hiyo. Aliibeba yeye.

Februari 2021 kituo kipya cha mabasi kilifunguliwa Mbezi Luis, kituo cha Magufuli, na stendi ya Ubungo ikahama. Kituo ni kikubwa, kina paa, kina vyoo, kina sehemu ya kukaa, na mtu aliyewahi kunyeshewa mvua pale Ubungo na mizigo hawezi kukidharau. Lakini nyumba zote zile za Shekilango na Manzese zilizoishi kwa saa kumi na mbili asubuhi zilipoteza asubuhi yao. Nilipita kwa bibi mwezi wa sita mwaka ule kumsalimia. Ubao ulikuwa bado ukutani, hauna kitu. Vyumba vitano alikuwa amevipangisha kwa mwezi kwa wanafunzi. Alinipa chai, tukakaa chini ya mwembe mchana, na ndiyo mara ya kwanza niliuona ua ule kwenye jua.

Kwa hiyo nikiwa na miaka karibu arobaini nilianza upya kama mgeni. Basi letu la kusini linatushusha Mbagala Rangi Tatu, na Mbezi iko upande wa pili kabisa wa jiji. Huo umbali ndio ulionirudisha kwenye maneno ya yule mzee wa Temeke. Ukifika Mbagala umechoka, miguu imevimba, gesti za 15,000 ziko mbele ya macho yako, mwili unakuambia lala hapahapa. Usiusikilize. Vuka jiji usiku ule ule wakati daladala zipo na nauli ni ya kawaida, ukalale upande unaoondokea. Saa tisa usiku hakuna daladala, kuna bodaboda na teksi tu, na anayekuona una begi na haraka anajua bei ya kukutajia. Mimi sasa silinganishi bei za vyumba. Ninajumlisha chumba na njia ya kutoka chumbani hadi kwenye mlango wa basi, saa ile hasa nitakayoipita.

Mbezi mwanzoni ilinisumbua. Gesti zilikuwa zinaota kila mwezi, nyingine rangi haijakauka, maji hakuna, bei imepandishwa kwa sababu mwenye nyumba amesikia stendi imekuja. Moja ilinipokea vizuri kwenye simu, nikatuma hela ya kushika chumba, nilipofika nikaambiwa vimejaa na hela itarudishwa kesho. Haikurudi. Tangu hapo natuma ujumbe wa kuulizia, lakini hela inatoka mkononi mwangu nikiwa nimesimama mbele ya mlango ambao nimeshausukuma kwa bega.

Nilichofanya ni kutenga mchana mmoja. Safari ya Juni 2022 nilifika Mbezi saa tano asubuhi nikiwa sina haraka, nikaacha begi mahali pa kutunzia mizigo, nikatembea mitaa ya jirani na kituo kwa saa mbili. Niliingia nyumba sita. Niliwauliza mama lishe watatu swali langu lile lile, na wawili kati yao walitaja nyumba moja. Ni ya ghorofa moja, haina baa, mwenye nyumba anaishi chini, kijana wa mapokezi analala kwenye kochi pale pale mlangoni. Shilingi 20,000 choo cha ndani, 15,000 cha nje. Kutoka pale hadi kituoni unatembea kwenye taa mwanzo hadi mwisho, na hilo la taa nililihakiki usiku huo mwenyewe, maana mtaa wa mchana na mtaa wa saa kumi alfajiri si mtaa mmoja.

Halafu mambo yakageuka tena. Oktoba 2023 mabasi yakaruhusiwa kutembea saa ishirini na nne. Wenzangu wengi wakasema gesti za njiani zimekwisha, unashuka jioni unapanda usiku. Nimejaribu mara mbili. Unaokoa hela ya chumba, ni kweli. Lakini unakaa kitini kutoka Masasi hadi Dar, halafu tena kutoka Dar hadi Nzega, na mara ya pili nilifika nikashindwa kuvaa viatu, nikaingia darasani na kandambili. Kijana wa miaka ishirini na mbili afanye. Mama mjamzito, mzee, mwenye presha, mwenye mtoto mchanga, asidanganywe na hesabu hiyo.

Ila kuna njia ya katikati, na ilinifikisha mahali ambapo sikutegemea. Nikiwa nimefika mapema na gari langu ni la saa tatu usiku, sasa naingia ile nyumba ya Mbezi na kusema kwa kinywa changu: "Naomba chumba cha kupumzika." Kijana anajua ninamaanisha nini. Ananiandika kwenye daftari kama mgeni mwingine yeyote, ananitoza nusu bei, nafunga komeo, naoga, naosha soksi, nanyoosha miguu ukutani saa tatu nzima, nasali, naondoka. Neno lililonitia hofu Manzese mwaka 2009 ndilo linalonitunza mgongo leo.

Treni ya SGR, ile ya umeme ya reli mpya, ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 niliipanda pia, nikamalizia kwa basi. Hapo kulala Mbezi kunakuwa kosa kama kulala Temeke kulivyokuwa kosa zamani, maana stesheni iko katikati ya mji. Safari hiyo nililala Ilala, kwenye hosteli ya Kituo cha Msimbazi, mahali pa kanisa. Nyumba za namna hii za madhehebu zinasahaulika na wapita njia wengi. Hazina anasa, geti lina saa yake ya kufungwa na ni lazima uiulize kabla, lakini ua una utulivu, na mwanamke anayelala peke yake hatazamwi mara mbili.

Mama mdogo alifariki mwaka juzi. Wadogo zangu wamekua, mmoja anakaa Kibamba, karibu kabisa na Mbezi, na amenikasirikia kwa maneno yale yale ya mama yake. Nimempa jibu lile lile.

Desemba iliyopita nilikuwa chumba namba 5 pale Mbezi, ninaondoka na gari la saa kumi na moja. Jioni, nikijaza daftari, alikuwepo binti mbele yangu na mtoto wa miezi michache mgongoni. Nilisoma mstari wake bila kukusudia: anatoka Newala, anakwenda Kahama. Alimuuliza kijana wa mapokezi kama kuna mtu wa kumwamsha. Kijana akamwambia atumie simu. Binti akaitazama simu yake, kioo kimepasuka, chaji imekwisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri. Hakusema kitu. Alichukua ufunguo wa namba 4 akapanda ngazi.

Niliamka saa kumi kasorobo, nikaoga, nikafunga begi. Nikatoka kwenye korido na tochi, nikasimama kwenye mlango wa jirani, nikagonga taratibu ili nisimshtue mtoto.

"Kahama," nikasema. "Kahama, amka. Saa kumi."

Nikasubiri mpaka aitike.